Kufufua Injini Kongwe ya Ndege-Mfano na Kuijengea Ndege ya Waya: Mwongozo Kamili

Maswali yanayonifikia kuhusu ndege za waya, yaani ndege-mfano zinazomzunguka rubani zikiwa zimefungwa kwa waya mbili kwenye mpini alioushika, yanafanana mno. Mmoja amevunja konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na ekseli, akijaribu kuzungusha injini iliyoganda. Mwingine injini yake inanguruma vizuri mezani, lakini ndege ikiinua pua tu, inazimika. Wa tatu anabadilisha plagi, kisha sindano inayopima mafuta, kisha injini nzima, na tatizo liko palepale.

Wote wanailaumu injini, na mara nyingi injini haina kosa. Iliyoganda imenaswa na mafuta yaliyokauka ndani yake, na hiyo ni kazi ya joto, si ya nguvu. Inayozimika hewani inanyimwa mafuta na tangi lililofungwa vibaya. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye joto na kwenye tangi. Mengine nitayapita haraka, kwa sababu wengi mnayaweza.

Mwongozo huu ni wa injini za mipigo miwili zinazotumia hita plagi, yaani plagi yenye koili inayowashwa na betri wakati wa kuanza tu, za ukubwa wa inchi za ujazo .35, yaani cc 5.7 hivi. Fox 35 Stunt, McCoy 35, OS Max 35 na Enya 35 zote zimo. Ukubwa huo unabeba vizuri ndege ya sarakasi yenye mabawa ya mita 1 na kidogo.

## Vifaa: kusanya vyote kabla ya kuanza

Kwa injini:

- Mashine ya hewa ya moto, ile ya kubandulia rangi. Ya kukaushia nywele haifiki joto linalotakiwa.
- Sufuria ya umeme ya kupika polepole. Ikishatumika kwa kazi hii hairudi jikoni maisha yake yote.
- Kulanti ya gari yenye ethilini glaikoli.
- Mafuta ya kupenya kutu na mafuta mepesi ya mashine.
- Bisibisi na spana zinazokaa sawasawa kwenye skrubu na nati zako. Injini kongwe za Marekani zina nyuzi za inchi. Skrubu ya milimita itaingia mizunguko miwili, kisha itaharibu tundu.
- Mswaki wa meno, vijiti vya mbao laini, glavu za ngozi, miwani ya kukinga macho.
- Hita plagi mpya na betri ya volti 1.5.
- Mafuta ya injini: methanoli, nitromethani asilimia 5 hadi 10, na mafuta ya kulainisha asilimia 25 hadi 29. Angalau nusu ya hayo ya kulainisha yawe mafuta ya nyonyo.

Kwa ndege:

- Balsa ya milimita 12 kwa mwili, milimita 5 kwa mkia, milimita 2 hadi 3 kwa mbavu za bawa.
- Plaiwudi ya milimita 1.5 na vipande viwili vya mbao ngumu vya kubebea injini.
- Belkranki ya milimita 75 au 100, yaani kile kipande cha pembetatu kinachogeuza mvuto wa waya kuwa mwendo wa mkia.
- Waya wa chuma kigumu wa milimita 2.4 kwa fimbo ya kusukuma mkia na wa milimita 3 kwa miguu.
- Tangi la bati la mililita 120.
- Waya mbili za chuma kisichoshika kutu, za nyuzi zilizosokotwa, unene wa milimita 0.38 na urefu wa mita 18.
- Mpini wenye kamba ya kufunga kwenye kifundo cha mkono.
- Epoksi, karatasi ya kufunikia bawa na vanishi isiyoyeyushwa na methanoli.

## Hatua ya 1: Itambue injini kabla ya kuizungusha

Usishike propela bado. Chungulia kwenye tundu la ekzosi kwa tochi uangalie ubavu wa pistoni.

Ikiwa ni ya kijivu, haing'ai sana wala haina mstari wowote, hiyo ni pistoni ya chuma cha kusubu isiyo na ringi. Inaziba silinda kwa sababu imesuguliwa hadi ikalingana nayo kabisa. Mkwaruzo mmoja wa msasa unaua mgandamizo, na hakuna namna ya kuurudisha nyumbani. Ukiona mstari mwembamba unaozunguka, ina ringi. Ikiwa ni ya aluminiamu ndani ya silinda ya shaba iliyopakwa kromu, basi tarajia ibane sana ikifika juu wakati ni baridi. Hilo ni umbile lake. Wengi hudhani imeganda wakati ni nzima.

Angalia pia rangi ya uchafu. Ukiwa wa kahawia, unang'aa na unanata, ni mafuta ya nyonyo yaliyokauka, na hiyo ni habari njema: mafuta hayo yamelinda chuma miaka yote. Ukiwa mwekundu na wa ungaunga, ni kutu. Kutu kwenye beringi maana yake beringi mpya, usijadiliane nayo.

## Hatua ya 2: Ilegeze kwa joto

Hapa ndipo injini nyingi nzuri zinapofia.

Toa hita plagi, sindano na chochote cha plastiki au mpira. Dondosha mafuta ya kupenya kutu kwenye tundu la plagi, la ekzosi na la kuingizia hewa, kisha iache usiku kucha. Asubuhi futa yaliyomwagika nje, ifunge kwenye jiliwa kwa masikio yake ya kufungia, na uipashe moto pande zote ukizungusha mashine ya hewa bila kusimama sehemu moja. Dondosha tone la maji juu ya kizimba, yaani mwili wa nje wa injini. Likichemka na kutoweka, umefika.

Vaa glavu. Funga propela ya mbao na ujaribu kuizungusha kwa upole, kushoto na kulia, kana kwamba unatafuta tu kama kuna nafasi. Isipotikisika, iache ipoe, ongeza mafuta, rudia. Nyingine hukubali mara ya kwanza, nyingine hutaka siku mbili au tatu.

Joto hulainisha yale mafuta yaliyogeuka utomvu. Nguvu haiyalainishi. Nguvu inapita kwenye konrodi, na konrodi ni kipande chembamba cha aluminiamu kinachopinda bila kutoa sauti. Utakuja kujua siku injini itakapokataa kushika kasi.

Onyo. Usiingize bisibisi kwenye tundu la ekzosi ili kuzuia au kusukuma pistoni. Usishike ekseli kwa koleo. Usitumie mwali wa moto, kwa kuwa mvuke wa mafuta ya kupenya unawaka. Kama pistoni imekwama karibu na juu, izungushe upande utakaoishusha, usilazimishe ivuke kilele.

Dalili ya mafanikio. Mwendo wa kwanza ni mdogo kiasi cha kutilia shaka, pengine nusu milimita. Ukichungulia kwenye ekzosi utaona uzi wa mafuta ya kahawia umejikusanya ukingoni mwa pistoni, mzito kama asali. Endelea na joto na mafuta. Kila duru uzi huo unazidi kuwa mwepesi, na mwishowe injini inazunguka duara zima kwa ukinzani ulio sawa.

## Hatua ya 3: Ifungue, lakini kile tu kinachohitaji kufunguliwa

Piga picha kila unapotoa kitu. Weka alama ya kalamu upande wa mbele wa silinda na wa pistoni kabla haijatoka.

Anza na kifuniko cha nyuma, kisha kichwa, kisha silinda. Skrubu zikigoma, zipashe moto tena. Kichwa cha skrubu kikiharibika hapa kitakugharimu siku nzima. Silinda isipotoka kwa joto na msukumo mdogo wa kijiti cha mbao laini kutoka chini, iache ndani. Injini inaweza kusafishwa na silinda ikiwa mahali pake, na sioni sababu ya kuhatarisha kizimba kizuri kwa ajili ya kukamilisha orodha.

## Hatua ya 4: Isafishe kwa kulanti ya moto

Zitumbukize sehemu za chuma kwenye sufuria ya umeme, zifunikwe na kulanti, na uweke joto chini ya kiwango cha kuchemka. Ziache saa 12 hadi 24. Ethilini glaikoli yenye joto inabandua mafuta ya nyonyo yaliyokauka bila kugusa aluminiamu wala chuma. Toa, sugua kwa mswaki, suuza kwa maji ya moto, kausha papo hapo kwa hewa ya moto, paka mafuta mepesi. Usiende kunywa chai kati ya kusuuza na kupaka mafuta: chuma kikavu chenye joto kinaanza kutu upesi kuliko unavyodhani.

Onyo. Kulanti hii ni sumu, na utamu wake huwavutia watoto na wanyama. Fanya kazi hii nje au penye hewa nyingi, funika sufuria, na usiiache bila mtu karibu. Sehemu za aluminiamu zilizotiwa rangi usiziweke humo, maana rangi inaweza kupauka. Kostiki soda na visafishio vya jiko vyenye kostiki soda vinakula aluminiamu. Brashi ya waya na msasa haviingii kwenye silinda wala pistoni, hata kidogo.

Nje ya injini, mimi huishia hapo. Kizimba cha kijivu kilichofubaa kidogo kina heshima yake, na kukisugua mpaka king'ae kama kioo kunaondoa umbile la usubu wake.

## Hatua ya 5: Ikague na uamue

Dondosha mafuta kidogo kwenye silinda na usukume pistoni ndani kwa kidole kutoka chini. Pistoni nzima ya chuma inateleza kwa uzito wa kidole na kuanza kubana karibu na juu. Ikipita huru kuanzia mwanzo hadi mwisho, mgandamizo umekwisha na injini hiyo inahitaji pistoni na silinda nyingine.

Shika konrodi uitikise kwenye pini ya ekseli. Mchezo mdogo sana ni wa kawaida, lakini mlio wa kugonga si wa kawaida. Tikisa ekseli kwenye bushi yake ya mbele. Ikichezacheza wazi, hewa itapenya huko na injini haitashika mwendo mmoja.

Kisha mrija wa sindano. Utazame dhidi ya mwanga: tundu lake dogo liwe wazi kabisa. Tundu lililozibwa nusu hutoa dalili zilezile za tangi baya, na limewapotezea watu wengi wakati.

## Hatua ya 6: Iunganishe

Paka kila kinachosuguana mafuta ya nyonyo. Kama pistoni ina kile kigongo cha juu kinachoelekeza gesi, kigongo kielekee upande wa njia ya kupitishia gesi, si upande wa ekzosi. Ukikigeuza, injini haitawaka kamwe, au itawaka kwa shida bila nguvu. Konrodi irudi ilivyokuwa kwenye picha yako.

Kata gasketi mpya ya kifuniko cha nyuma kwenye karatasi nyembamba ya gasketi. Kaza skrubu za kichwa kwa mshazari, kidogo kidogo, raundi tatu. Ukikaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine, silinda inapinda na pistoni inabana upande mmoja. Matundu ya mrija wa sindano yatazame chini, ndani ya injini.

Dalili ya mafanikio. Funga hita plagi na propela, zungusha taratibu kwa mkono. Ifikapo juu utahisi mto wa hewa, kisha propela inarudi nyuma yenyewe kidogo.

## Hatua ya 7: Iwashe mezani

Ifunge kwa bolti za chuma kwenye mbao ngumu iliyobanwa mezani. Kamwe usiishike kwa mkono au kuibana kwenye jiliwa kwa kizimba chake. Propela iwe ya inchi 10 kwa 6, mpya, isiyo na ufa. Katikati ya tangi pawe sawa na sindano.

Jaribu hita plagi nje kwanza: kwa volti 1.5 koili yake inang'aa rangi ya chungwa kali. Betri ya volti 2 inaweza kuiunguza papo hapo.

Fungua sindano mizunguko 3 hivi. Ziba tundu la hewa kwa kidole na zungusha propela mara mbili ili mafuta yafike. Dondosha matone machache kwenye ekzosi. Sasa, kabla ya kuunganisha betri, zungusha tena taratibu. Ikigoma ghafla kama imegonga ukuta, silinda imejaa mafuta. Geuza injini uyamwage. Ukiipiga katika hali hiyo, konrodi inapinda.

Unganisha betri, simama nyuma ya propela, piga kwa kijiti. Ikishika, iache itoe moshi na mafuta mengi. Toa betri ukitokea nyuma.

Raundi za kwanza ziwe dakika 2 au 3, injini ikiwa na mafuta mengi, kisha ipoe kabisa. Pistoni ya chuma inayokimbizwa bila mafuta ya kutosha inapanuka na kujisaga. Mafuta ya nyonyo ndiyo yanayobaki kwenye chuma wakati joto limepanda, na ndiyo sababu sikubali mafuta ya kisasa matupu kwenye injini hizi.

Onyo. Methanoli ni sumu: ikinywewa hata kidogo inaweza kupofusha, na inapenya kwenye ngozi. Mwali wake hauonekani mchana. Ukihisi joto pasipo kuona moto, huo ni moto.

Dalili ya mafanikio. Utasikia sauti mbili. Ikiwa na mafuta mengi inaunguruma kwa sauti nzito, ikilipuka mara moja kila mizunguko miwili. Funga sindano kidogo na itaruka kwenye sauti nyembamba, kali, ya kulipuka kila mzunguko. Tafuta mpaka wa sauti hizo mbili na uurudishe nyuma kidogo, upande wa nzito. Hapo ndipo injini ya sarakasi inapoishi: nzito ndege ikiwa imenyooka, kali inapopanda, nzito tena ikinyooka.

## Hatua ya 8: Mwili, na hasa pua

Kwa ndege ya kwanza jenga mwili bapa wa ubao mmoja, injini ikilala ubavuni na kichwa chake kikitazama nje ya duara. Mabawa ya sentimita 107 yanatosha. Ringmaster ya Sterling ni ya umbo hili, na ramani ya aina yake ni mahali pazuri pa kuanzia. Nobler ya George Aldrich ni ndege nzuri kupita kiasi, lakini si ya kujifunzia.

Zika vipande vya mbao ngumu ndani ya pua na vifike hadi ndani ya bawa. Gundisha plaiwudi pande zote mbili kwa epoksi, nayo ifike nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa. Chini ya masikio ya injini weka vibati vya aluminiamu, la sivyo bolti zitazama kwenye mbao na kulegea.

Pua isiyo ngumu inatetemeka. Mtetemo unayafanya mafuta kwenye tangi kuwa povu, na povu ni hewa. Injini inazimika, na wewe unaanza kubadilisha plagi. Shika pua na mkia, jaribu kuupinda mwili: ukijipinda, ongeza plaiwudi sasa.

Elekeza injini nyuzi 1 hadi 2 nje ya duara, ili ivute waya zikaze.

## Hatua ya 9: Bawa na mfumo wa waya

Ndege inazunguka kinyume cha saa, hivyo bawa la kushoto ndilo linalokutazama. Belkranki inakaa ndani ya bawa, kwenye kipande cha plaiwudi kilichogundishwa kwenye mhimili wa bawa. Usiigundishe kwenye mbavu peke yake. Mvuto wote wa ndege angani unapita hapo.

Waya mbili za ndani zinatokea kwenye ncha ya bawa la kushoto. Tengeneza mwongozo wao uweze kusogezwa mbele na nyuma, na katikati yake iwe milimita 12 hadi 20 nyuma ya kituo cha uzito. Ukiwa mbele, pua itaelekea kwako na waya zitalegea. Kwenye ncha ya bawa la kulia zika gramu 30 za risasi kusawazisha uzito wa waya.

Eleveta, yaani kile kipande cha mkia kinachoinuka na kushuka, isogee nyuzi 30 juu na chini, bila kukwama popote. Ukiinua mkia wa ndege, eleveta inapaswa kushuka kwa uzito wake. Ikibaki ilipo, tafuta kinachosugua.

Kufunika na kupaka vanishi mnakujua. Neno moja tu: vanishi ipenye kila ufa wa pua na ndani ya matundu ya bolti, maana mbao ikinywa mafuta, gundi haitashika tena.

## Hatua ya 10: Tangi

Kama utasoma hatua moja mara mbili, iwe hii.

Ndege ikizunguka, mafuta yote yanakimbilia ukuta wa tangi ulio nje ya duara. Kwa hiyo mrija wa kunyonya uishie kwenye kona ya nyuma, upande wa nje. Mrija unaogusa katikati ya tangi utanyonya vizuri mezani na kunyonya hewa angani. Hii ndiyo sababu kubwa ya injini kufanya kazi mezani na kukataa hewani.

Mrija wa hewa nao uingie ndani hadi sentimita 1 hivi karibu na mdomo wa mrija wa kunyonya, na nje utazame mbele kwenye upepo. Ukishajaza, ziba matundu mengine yote. Hewa sasa inaingia mahali pamoja tu, na injini inapima urefu wa mafuta kutoka kwenye mdomo wa mrija huo, si kutoka juu ya mafuta yanayopungua. Matokeo yake mwendo unabaki uleule tangu mzunguko wa kwanza hadi karibu na wa mwisho.

Weka sifongo nyembamba kati ya tangi na ubao. Lifunge kwa namna utakayoweza kulipandisha na kulishusha milimita 1 au 2. Usiligundishe. Anza na katikati yake sawa na sindano.

## Hatua ya 11: Mizani, waya na jaribio la kuvuta

Beba ndege kwa vidole viwili chini ya bawa. Inyooke ukishika kati ya asilimia 20 na 25 ya upana wa bawa kutoka mbele. Mkia ukiwa mzito, ongeza uzito puani. Ndege yenye mkia mzito haimsikilizi anayejifunza.

Piga hesabu ya mvuto. Ndege ya gramu 850 inayomaliza duara lenye nusu kipenyo cha mita 19.5 kwa sekunde 5.2 inakwenda karibu kilomita 85 kwa saa na kuvuta mpini kwa takriban kilo 2.5. Katika misukosuko nguvu hupanda juu ya hapo. Kwa hiyo jaribu kwa mara 10 ya uzito wake: msaidizi ashike ndege, wewe uvute mpini kupitia mizani ya kuning'iniza hadi kilo 8.5. Kitu chochote kikisogea, kikinyooka au kikilia, hakuna kuruka.

Pitisha vidole kwenye kila waya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Waya wenye kikunjo unatupwa, haunyooshwi.

Onyo. Waya hizi ni chuma na wewe umezishika. Usiruke kamwe karibu na nyaya za umeme, wala mawingu ya radi yakiwa yanaonekana.

## Hatua ya 12: Kuruka mara ya kwanza

Jaza nusu tangi. Funga kamba ya mpini kwenye kifundo cha mkono kabla ya kuinua mpini, kila mara. Msaidizi akiwa ameshika ndege, vuta waya wa juu na aseme ameona eleveta ikiinuka. Waya zilizobadilishana mahali zimevunja ndege nyingi katika sekunde ya kwanza.

Ndege iachiliwe upande ambao upepo unaisukuma nje ya duara. Ikipanda, usitumie kifundo, nyoosha mkono na utumie bega. Itazame ndege, si ardhi, na kizunguzungu kitapungua. Kaa kwenye mita 2 hadi 3 mpaka mafuta yaishe. Waya zikilegea, rudi nyuma hatua kadhaa haraka.

Loop ya kwanza, yaani duara la kusimama hewani, ifanye ukiwa umeupa upepo mgongo, ndege iko mbele yako. Upande ule upepo unazikaza waya kwa niaba yako.

## Hatua ya 13: Rekebisha tangi kwa masikio

Ukishaweza kuruka kichwa chini, sikiliza mabadiliko ya sauti.

- Kali zaidi ikiwa kichwa chini: tangi liko juu mno. Lishushe milimita 1.
- Kali zaidi ikiruka kawaida, mgongo juu: tangi liko chini mno. Lipandishe milimita 1.
- Sauti inakatikakatika pande zote: povu. Rudi kwenye ugumu wa pua na sifongo.
- Nzuri mwanzo, kali mno mwishoni: kuna tundu la tangi halijazibwa.

Badilisha kitu kimoja kwa mruko mmoja. Ukigusa tangi na sindano pamoja, hutajua kilichosaidia.

Siku ikiisha, iache injini imalize mafuta yote, dondosha mafuta mepesi kwenye tundu la hewa na la plagi, zungusha mara kadhaa. Fanya hivyo hasa kwenye injini zenye beringi za mipira, ambazo mabaki ya nitromethani huzitia kutu. Futa waya kwa kitambaa kikavu na uzizungushe kwenye gurudumu la upana wa sentimita 10 au zaidi, kwa sababu gurudumu dogo huzipa mkunjo usiotoka.